Mshono wa Milimita Nane

Katika kazi ya kuchomelea vyuma, neno nililolisikia kuliko jina langu ni "jaza." Mteja analeta tela la trekta au bodi ya lori iliyochanika, anasimama nyuma yangu mikono mfukoni, na kabla sijafunika uso anasema, "Fundi, jaza basi, usinibanie." Kwao mshono mnene ndio wenye nguvu, kama vile kwetu mtoto mnene ndiye mwenye afya, na ukimwambia mtu vinginevyo anaona una roho mbaya. Nilikuwa na karakana pembeni ya barabara ya Arusha, pale Bomang'ombe, mwanamke peke yangu kati ya mafundi wa chuma. Kwa hiyo nilisemwa mara mbili: kwanza kwa kuwa mwanamke, pili kwa kubania.

Nieleze jambo hili mara moja, nisirudie. Vibao viwili vya chuma vikikutana kama ukuta na sakafu, fundi hujaza chuma kilichoyeyuka kwenye ile kona. Ukiukata mshono huo ukautazama ubavuni, ni pembetatu. Pande mbili zilizolala juu ya vibao tunaziita miguu. Umbali kutoka ndani ya kona mpaka usoni pa mshono ndio koo, na nguvu yote iko kooni. Ukiuongeza mguu mara mbili, koo nalo linaongezeka mara mbili, na nguvu vilevile. Lakini chuma ulichojaza kimekuwa mara nne, na joto limeongezeka hivyohivyo. Chuma kikipoa hujivuta. Hapo ndipo watu wanapokosea, maana mshono uliozidi haukai kimya, unavuta kila kilicho karibu nao mpaka kipinde.

Na mshono mdogo mno nao ni balaa. Kibao kinene kinakunywa joto upesi, hasa kule juu kwetu mwezi wa saba ukungu ukishuka mpaka kwenye migomba, na mshono mwembamba juu yake unapoa ghafla na kupasuka. Kwa hiyo fundi anatafuta kipimo cha katikati: mzigo unataka nini, kibao chembamba kinavumilia nini, kibao kinene kinadai nini. Hakuna uchoyo hapo. Ni hesabu, na mimi hesabu niliipenda tangu shule.

Sasa kengele.

Baba yangu alikuwa mpiga kengele wa usharika wetu, juu kidogo ya Kwa Sadala, tangu kabla sijazaliwa. Kengele yenyewe ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mparachichi, na chuma cha kuigongea. Aliigonga asubuhi, aliigonga Jumapili, aliigonga mtu akifa, na watu waliweza kujua kwa mgongo wake tu, akipanda njia, kama ni msiba. Halafu usharika rafiki wa ng'ambo ukatuletea kengele ya kweli, ya shaba, nzito kiasi kwamba vijana walioishusha kwenye gari waliiacha chini pale ilipofikia, mbele ya ofisi ya mchungaji, na ikakaa hapo huku kuku wakilala ndani yake.

Kengele ya namna ile haigongwi, inabembea. Inataka mnara wa chuma: nguzo nne, juu yake boriti mbili nene, na juu ya kila boriti kibao kilichosimama, ambacho mimi nakiita sikio. Katikati ya masikio mawili inapita shafti inayobeba kengele, ikizunguka ndani ya beringi. Baba angesimama chini, katikati ya nguzo, avute kamba. Yaani mzigo wote ule ungekuwa juu ya kichwa cha baba yangu, umeshikwa na mshono kwenye mizizi ya masikio mawili. Nilikubali kazi ile siku hiyohiyo kwa sababu sikutaka mtu mwingine yeyote aifanye.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa mwalimu mstaafu aliyenifundisha darasa la nne, na sauti yake haikuwa imestaafu. Alisimama kanisani akatangaza kwamba vyuma vimeshapatikana, sasa kila nyumba ilete pakiti moja ya rodi za kuchomelea, iwe sadaka ya kengele. Miaka michache nyuma angechekwa. Enzi zile kupata pakiti moja ya rodi ulilazimika kumjua mtu wa ghala, naye umkute ameamka vizuri. Lakini enzi ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, ilikuwa imekolea, maduka ya Moshi yamejaa kila kitu, kizuri na kibovu, na watu walikuwa bado na hamu ya kununua vitu kwa sababu tu vipo. Walileta. Pakiti zilipangwa mbele ya madhabahu kama matofali, mchungaji akaziombea. Mimi nilikuwa benchi la nyuma. Nikajisemea, mama yangu wee, hizi si za mnara, hizi ni za daraja.

Pakiti ya juu kabisa ilikuwa nyeusi kwa masizi. Ile ilikuwa ya mama. Alikuwa wa kwanza kununua, kengele ikiwa bado habari tu na rodi hazijaombwa, akaiweka darini juu ya moto jikoni, pamoja na mahindi ya mbegu, maana niliwahi kumwambia kwamba rodi hazipendi unyevu. Alifariki kengele haijafika. Baba aliibeba mwenyewe mpaka madhabahuni, na shati lake jeupe likabaki na alama ya masizi kifuani ibada nzima.

Nilipiga hesabu zangu. Masikio yalikuwa ya kibao cha milimita kumi, boriti nene zaidi ya hapo. Kengele ikibembea inavuta kuliko uzito wake, inavuta pembeni, na inavuta kila siku, nikaliingiza hilo pia, kisha nikaongeza akiba, maana ni baba yangu. Jibu likaja mguu wa milimita nane, pande zote za sikio, bila kukatiza. Nikachomelea hivyo, kwa umeme wa nyumba ya mchungaji, nikapima kila hatua kwa geji yangu. Mishono ilitoka safi, imelala sawasawa. Nasema bila haya: ilikuwa kazi nzuri.

Rodi zikabaki. Zikabaki nyingi mno, mlima karibu wote.

Mwalimu akaja kutazama, akazunguka nguzo, akatazama mlima wa pakiti ofisini kwa mchungaji, akanitazama mimi.

"Mbona zimebaki hizi?"

"Shikamoo, Mwalimu. Kazi imeisha."

"Marahaba. Imeishaje na sadaka za watu zipo?"

Nikamwambia zitumike kwenye mabenchi, kwenye geti, ziuzwe. Akaniangalia kama vile nimependekeza tuuze Biblia. Kwetu sadaka iliyotajwa jina ina njia moja tu. Mtu akileta mkungu wa ndizi kwa ajili ya mchungaji, hata mchungaji awe amesafiri, ndizi zile zitaivia mlangoni kwake. Rodi zilitolewa kwa kengele, ziliombewa kwa kengele. Kila nyumba ilitaka kuamini kwamba kuna kipande chake mle juu. Mwalimu akasema atawaambia nini wale wajane waliojinyima. Nikamwambia awaambie chuma hakijui mjane. Hakupenda, na kusema kweli hata mimi nilivyojisikia nikilitamka sikupenda.

Baba alikuwa amekaa kwenye jiwe akisikiliza. Akainuka, akasogea, akatazama juu kwenye masikio.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo, Baba."

"Mshono mwembamba."

"Unatosha."

"Unatosha kwenye karatasi," akasema. "Mimi ndiye nitakayesimama hapa."

Nikamweleza habari ya miguu na koo. Nikamchorea chini kwa kijiti. Alisikiliza kwa heshima yote, kama anavyosikiliza mahubiri ya mgeni, kisha akasema baba yake alijenga nyumba ya nguzo nene na ipo mpaka leo. Nikashika kichwa. Kubishana na baba ni sawa na kusukuma ng'ombe asiyetaka kuvuka mfereji. Nikamwambia nakwenda Moshi kutafuta beringi, nikirudi tupandishe kengele, basi.

Beringi zilinichelewesha. Ilibidi nizunguke maduka yote ya vipuri, nizikatae za bandia, nizisubiri zingine zije. Niliporudi kwenye mnara nikapanda ngazi na shafti, vijana wakinisaidia, nikaiweka kwenye sikio la kwanza, ikaingia. Kwenye sikio la pili ikagoma. Nikasukuma. Ikagoma. Nikajivuta nyuma kidogo pale ngazini nikatazama vizuri.

Masikio yote mawili yalikuwa yameinama, moja kuelekea jingine, kama wazee wawili wanaosengenya. Kwenye mizizi yao, upande wa ndani, palikuwa na mshono mnene kama mkono wa mtoto, tabaka juu ya tabaka. Upande wa nje mshono wangu ulikuwa vilevile. Chuma kilipopoa kilikuwa kimevuta upande mmoja, kikaviinamisha vibao vyangu kama majani.

"Nani amegusa kazi yangu?" Nilipiga kelele kutoka juu ya ngazi, mbele ya mchungaji na kila mtu. "Nauliza, nani?"

 Nikashuka. Mguuni pa nguzo palikuwa na pakiti nyeusi ya masizi, imefunguliwa, imebaki na rodi chache. Sikuhitaji kuuliza tena. Baba alikuwa amemwita fundi wa mageti kutoka Kwa Sadala akamwambia azimalizie zile za marehemu mle juu, na fundi yule, maskini, alifanya alichoambiwa na mzee wa kanisa. Zilibaki chache tu kwa sababu umeme ulikatika.

Wengine wangesema basi, lazimisha shafti, paka grisi, tupige kengele. Na mwalimu alisema hivyohivyo. Watu walikuwa wameshaalikwa, mpaka wa Marangu, ndugu zake baba. Nikamjibu kwamba shafti iliyolazimishwa itayapinda masikio yale kila kengele ikibembea, huku na huku, na chuma kinachopindwa mahali pamoja kila siku hukatika, kama waya unaoupinda kwa mikono. Kitakatika lini sijui. Ila ninajua nani atakuwa chini. Lazima nikate ule mshono wote, nivinyooshe vibao, nichomelee upya.

"Hukati," akasema baba.

Alisema kwa upole, na hilo ndilo baya. Akachukua pakiti ile, akaiweka kwapani, akashuka njia ya kwenda nyumbani. Mchungaji akanivuta pembeni akaniambia nisimwendee leo. Nikamwambia sawa. Nilikuwa na hasira ya kufa mtu. Ningeweza kukata hapohapo, grenda nilikuwa nayo mkononi, na hakuna ambaye angenizuia. Lakini baada ya hapo ningekula wapi? Ningezikwa na nani? Kukata kitu cha mama bila ruhusa ya baba, kwetu, ni jambo ambalo hata watoto wako watakuja kuulizwa.

Asubuhi nikaingia kihambani kwetu, shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, kwa njia ya juu. Kwenye mpaka, kama kila kihamba, kumepandwa masale, yale majani marefu ya kijani. Nikachuma moja huku nimenuna. Kwa Wachagga mwenye kosa ndiye hupeleka sale. Unalifunga fundo, unalishika kwa mikono miwili, unampelekea uliyemkosea, na akishaliona hawezi kukukatalia, hata kama ulimwibia ng'ombe. Mimi sikuwa nimekosa kitu. Niliwaza hilo njia nzima, kati ya migomba, nikipita kaburi la mama, na bado fundo nikalifunga.

Baba alikuwa jikoni, anapasha maziwa. Nikamwamkia, akaitika. Nikanyoosha mikono.

Alilitazama lile jani muda mrefu mpaka maziwa yakafurika yakazima nusu ya moto.

"Nani amekufundisha kuniletea mimi sale," akasema, "na mimi ndiye niliyeharibu?"

"Wewe usingelileta, Baba."

Akacheka kicheko cha puani. Kisha uso ukambadilika, akakaa kwenye kigoda na kulia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye maziko hakulia, aligonga ringi yake akarudi kusimama na wazee wengine. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikaipua maziwa.

"Mama yako alikuwa anapanda ngazi kila jioni kuigusa pakiti ile," akasema. "Anagusa kama ni kavu. Miguu yenyewe imevimba. Halafu wewe unasema haihitajiki."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema kazi imeisha."

Ni kweli, hilo nilisema. Ile hasira yote ikanitoka, nikabaki na huzuni tupu, ya kwangu na ya kwake. Nilikuwa nimepima kila kitu pale juu isipokuwa hilo. Akafuta uso kwa kiganja, akachukua sale, akalichomeka kwenye paa la jikoni.

"Kata," akasema. "Lakini nitakuwepo."

Akaja mnarani, akakaa kwenye lile jiwe, pakiti mapajani. Nikawasha grenda. Nilitegemea kukuta mashimo na uchafu ndani, na kusema kweli nilitamani nikute, nimwonyeshe. Sikukuta. Rodi za mama zilikuwa kavu kabisa, na fundi wa mageti alikuwa na mkono mzuri. Mshono ulikuwa mzima toka juu mpaka mizizini. Kosa lake lilikuwa ukubwa tu. Niliukata wote, na cheche zikawa zinaruka mpaka karibu na viatu vya baba, naye hakuvisogeza.

Nilipomaliza, masikio yakalegea, nikayabana kwa jeki na kabari mpaka shafti ikapita kwa kusukumwa na kidole tu. Nikayasafisha, nikayapasha moto kwanza, maana ukungu ulikuwa umetushukia. Nikashuka kuchukua rodi. Baba akaniangalia, akaninyooshea pakiti. Zile chache zilizobaki zilitosha mshono wa milimita nane kwenye pande za ndani nilizozikata, na ndizo nilizotumia. Za wajane zilibaki ofisini kwa mchungaji, na mwalimu hakunisemesha mpaka Krismasi.

Baba akapanda ngazi kuangalia. Akapitisha kidole juu ya mshono ukiwa bado na uvuguvugu.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu, Baba."

Akatikisa kichwa akashuka. Tukapandisha kengele kwa mnyororo. Nikaibembeza kwa mkono kwanza, taratibu, nikachungulia kila kona, hakuna kilichosogea. Nikamwita aone. Akasema kubembeza kwa mkono si kupiga. Lakini alisema kwa sauti ya kawaida, nikadhani tumeelewana. Nilifurahi, nikasema moyoni, hatimaye mzee ameamini hesabu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili na watu walijaa mpaka kwenye mibuni ya jirani. Wa Marangu walifika. Mchungaji akaomba, kwaya ikaimba, mwalimu akasoma shukrani na kuzitaja rodi kwa kirefu. Baba alivaa koti lake la maziko na harusi. Akaingia katikati ya nguzo nne, akaizungusha kamba mkononi. Na mimi nikaingia nikasimama pembeni yake, shingo juu, kwa sababu mzigo wa kwanza ndio unaosema kweli na nilitaka kuyaona masikio yale yakiupokea.

"Toka hapa," akaninong'oneza.

"Naangalia mishono, Baba."

"Toka hapa chini, nimesema. Wewe una watoto wa kulea."

Nikamgeukia. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya midomo, asubuhi ya baridi ile. Ndipo nikajua hakuwa ameamini hata neno moja: si miguu, si koo, si milimita nane. Kwake mshono ule ulikuwa mwembamba leo kama ulivyokuwa mwembamba siku ya kwanza.

 Akanisukuma begani kwa mkono ule mwingine, si kwa nguvu. Nikatoka. Alisubiri mpaka nikafika kwenye nyasi waliposimama wengine, akatazama juu mara moja, akavuta kamba.